Imetangazwa si imetoka: kuelewa msimu wa simu mpya ukiwa Dar

Kila ikifika Septemba, na tena mwanzoni mwa mwaka, maduka ya simu Kariakoo hupata mteja wa aina moja. Anaingia, anashika simu, anaigeuzageuza, anauliza bei, kisha anairudisha juu ya kaunta. "Kaka, nasikia mpya inatoka wiki ijayo. Ngoja nisubiri hii ishuke." Mwezi mmoja baadaye anarudi, anakuta bei haijasogea, anaondoka akiamini analanguliwa. Zipo siku analanguliwa kweli, maana Kariakoo si mahali pa malaika. Lakini mara nyingi tatizo lake ni kwamba amechukua mambo matano yanayotokea kwa nyakati tofauti akayaita jina moja: "imetoka".

Tuyatenganishe. La kwanza ni fununu: picha, video na maneno yanayozagaa mitandaoni kabla kampuni haijafungua mdomo. La pili ni tangazo, siku kampuni inapoonyesha simu yenyewe na kutaja bei. La tatu ni oda ya awali, yaani kulipia kabla simu haijaanza kukabidhiwa, na hiyo hufunguliwa katika nchi zilizotajwa tu. La nne ni siku ya kuanza kuuzwa madukani, nako ni katika nchi hizohizo. La tano, ambalo kwetu ndilo lenye uzito, ni siku mzigo unapofika Dar kwa njia ya kueleweka, wenye waranti inayofanya kazi hapa.

Mfano mzuri ni iPhone 17. Ilitangazwa Septemba 9, 2025, oda zikafunguliwa Septemba 12, ikaanza kuuzwa Septemba 19. Galaxy S25 ya Samsung ilitangazwa Januari 22, 2025 na kuanza kuuzwa Februari 7. Kwa hiyo hata huko inakoanzia kuna pengo la siku kumi hadi zaidi kidogo ya wiki mbili kati ya kuiona na kuishika. Tangazo ni kadi ya harusi: lina tarehe, lina mahali, lina picha za kupendeza, lakini pilau halijainjikwa.

Kwa mnunuzi wa Dar, siku ya tangazo ina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Yanayoamua kama utafurahia simu yako ni mawili: imetengenezewa soko la nchi gani, na yale uliyovutiwa nayo yamo ndani ya simu leo au bado yapo kwenye ahadi. Karibu kila lalamiko linalosikika baada ya msimu wa matangazo linaangukia kwenye mojawapo ya hayo.

Fununu zinapatia wapi, na zinakosea wapi

Watu husema fununu zote ni uongo, au zote ni kampuni yenyewe inavujisha makusudi. Si hivyo. Simu haitengenezwi na mtu mmoja chumbani. Watengenezaji wa makava na protekta wanahitaji vipimo mapema ili bidhaa zao ziwe tayari siku simu inapoanza kuuzwa. Mamlaka za mawasiliano, kama FCC ya Marekani na TENAA ya China, hupokea maombi ya kusajili vifaa kabla havijauzwa, na baadhi ya taarifa hizo huonekana hadharani. Programu za majaribio nazo huachwa zikiwa na majina ya vifaa ambavyo havijatangazwa.

Ndiyo maana fununu za umbo, idadi ya kamera, ukubwa wa kioo na rangi hupatia mara nyingi, kwa sababu vitu hivyo vimeshaingia kiwandani. Fununu za bei ndizo za kuogopa. Bei ni uamuzi wa mezani na inaweza kubadilishwa siku chache kabla ya tangazo. Mtu akikwambia mwezi Juni kwamba iPhone ya Septemba itauzwa kiasi fulani, msikilize kama unavyosikiliza mpangilio wa kikosi cha Simba au Yanga siku mbili kabla ya mechi.

Kwa nini kampuni hazijibu hata fununu ikiwa ya kweli? Kwa sababu ukisifia cha kesho unaua cha leo. Simulizi inayorudiwa sana katika biashara ya kompyuta ni ya kampuni ya Osborne ya Marekani, iliyofilisika mwaka 1983. Inasemekana ilizungumzia kompyuta yake ijayo mapema mno, wateja wakaacha kununua iliyokuwepo dukani, fedha zikakauka. Waliochunguza zaidi wanasema ilikuwa na matatizo mengine pia, lakini somo limebaki vichwani mwa wafanyabiashara: mdomo ufungwe mpaka mzigo uwe tayari.

Iliyotangazwa na iliyokabidhiwa

Hapa ndipo hasira nyingi za wateja duniani zinapoanzia, na sisi tunazirithi bila kujua chanzo chake.

Septemba 2017 Apple ilionyesha AirPower, kibao cha kuchajia simu, saa na spika za masikioni kwa pamoja bila waya. Watu wakasubiri. Machi 2019 kampuni ikatangaza kwamba imekiacha kwa sababu hakikufikia viwango vyake. Hakuna aliyekinunua, kwa hiyo madhara yalikuwa machache.

Zito zaidi ni la Siri, msaidizi wa sauti wa iPhone. Juni 2024 Apple ilionyesha Siri mpya yenye akili bandia, inayoweza kuelewa mambo yako binafsi: nani kakutumia ujumbe gani, ndege ya mama inatua saa ngapi. iPhone 16 ikatangazwa Septemba mwaka huo, na matangazo ya biashara yakabeba ahadi hizo. Baadhi ya vipengele vya akili bandia vilianza kuja Oktoba, kidogo kidogo. Machi 2025 kampuni ikakiri kwamba ile Siri yenyewe itachelewa. Aliyenunua simu kwa ajili ya kamera alipata kamera yake siku hiyohiyo. Aliyenunua kwa ajili ya Siri alikuwa ameshalipa pesa taslimu kwa kitu ambacho hakikuwa ndani ya boksi.

Ukitazama tangazo, kuna maneno matatu ya kutega sikio. "Baadaye mwaka huu" maana yake si siku ya kununua. "Katika nchi na lugha teule" maana yake nenda kasome orodha. "Beta" maana yake bado ni jaribio. Apple ilipoanza kutoa akili bandia yake, ilianza na Kiingereza cha Marekani, kisha ikaongeza lugha kubwa za Ulaya na Asia. Kiswahili hakikuwamo. Huduma ya kuomba msaada kupitia setelaiti iliyokuja na iPhone 14 ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, ikaenda Ulaya, Australia, New Zealand na Japani. Tanzania haikuwamo. Mtu anayesafiri kwa boti kwenda Mafia asiiweke kwenye hesabu zake za usalama kwa sababu tu aliiona kwenye video.

Samsung nao wana jambo lao. Galaxy S24 na S24+ za mwaka 2024 ziliuzwa na chipu (ubongo wa simu) ya Snapdragon Marekani, Kanada na China, ila sehemu nyingi za dunia zilipata chipu ya Exynos inayotengenezwa na Samsung yenyewe. S24 Ultra ilikuwa Snapdragon kila mahali, na S25, S25+ na S25 Ultra zikawa Snapdragon kote. Kwa hiyo mtu aliyetazama uchambuzi wa S24 uliofanyika Marekani, kisha akanunua iliyokuja kwa soko letu, alisifiwa simu moja akanunua nyingine yenye jina lilelile. Si lazima iwe mbaya. Lakini akilalamika kwamba betri yake haifanani na ya kwenye video, ana haki ya kujua sababu.

Bei: kwa nini haishuki siku ileile

Tuanze na simu mpya yenyewe. iPhone 17 ya kawaida ilitangazwa Marekani kwa dola 799. Tuchukulie dola moja ni shilingi 2,500, kwa urahisi wa hesabu. Unapata shilingi 1,997,500. Wengi huishia hapo, wakiona tangazo la dukani la zaidi ya milioni mbili na nusu wanasema wamepigwa. Ila bei ya Marekani hutajwa bila kodi ya mauzo, ambayo kule huongezwa mteja akifika kulipa. Hapa VAT ya kawaida ni asilimia 18. Iongeze kwenye hizo, ni shilingi 359,550, jumla 2,357,050. Bado hujaweka usafiri, bima, kodi ya fremu, na faida ya watu wawili au watatu waliopokezana mzigo mpaka ukafika kaunta. Wiki za kwanza kuna na cha juu cha uhaba: simu ni chache, wanaoitaka kwa ajili ya kuonekana nayo ni wengi.

Kwa wanaoamini kwamba kodi ikiondolewa bei itaporomoka, jaribio lilishafanyika. Mwaka 2021 serikali ilisamehe VAT kwa simu janja ili watu wengi wazimudu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa hoja kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Kodi ni sehemu ya bei, lakini si bei yote.

Sasa ile ya zamani, ambayo ndiyo wengi wanaisubiri ishuke. Apple kwa kawaida hupunguza dola 100 kwenye toleo la kawaida la mwaka uliopita: Septemba 2023 iPhone 14 ilitoka dola 799 ikawa 699, na Septemba 2025 iPhone 16 ikafanyiwa vivyo hivyo. Hiyo ni orodha ya Apple. Muuzaji wa mtaa wa Aggrey aliyenunua mzigo wake Julai kwa bei ya Julai hawezi kuuza kwa hasara kwa sababu ya tangazo la Marekani. Atauza alichonacho kwanza. Bei itashuka atakapoagiza mzigo mwingine kwa bei mpya, na shilingi isipoyumba katikati.

Kwa toleo la Pro kuna mtego ambao wengi hawaujui. Apple haipunguzi bei ya Pro ya mwaka jana, inaacha kuiuza. iPhone 15 Pro iliondolewa ilipokuja 16 Pro, na 16 Pro ikaondolewa ilipokuja 17 Pro. Zilizobaki kwenye maboksi ni zile tu zilizokwisha kusambazwa, na kila wiki zinapungua. Anayesubiri Pro mpya ya boksi ishuke sana baada ya tangazo anaweza kukuta imeadimika, bei imeganda palepale, au anauziwa mtumba uliofungwa kwenye boksi la kisasa kuliko simu yenyewe.

Simu za mtumba ndizo hushuka kweli, ila kwa kuchelewa. Wamarekani, Waingereza na wakazi wa Dubai wanaponunua mpya, hurudisha za zamani ili wapunguziwe. Simu hizo hukusanywa, hukaguliwa, hupangwa kwa madaraja kulingana na mikwaruzo na betri, huuzwa kwa mafungu kwa wafanyabiashara wa jumla, nyingi hupitia Dubai au Hong Kong, ndipo zije kwetu. Mnyororo huo ni wa miezi. Kama unatafuta mtumba wa toleo la mwaka jana, kusubiri wiki moja baada ya tangazo hakukusaidii chochote. Kusubiri hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata kunaweza kukusaidia.

Na ukienda dukani, dai bei kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa za ndani kutangazwa au kuuzwa kwa fedha za kigeni.

Laini: swali ambalo halikuwa na maana zamani, sasa lina

Kwa miaka mingi kuuliza "hii ni ya soko gani?" lilikuwa swali la wataalamu. Leo ni swali la kila mnunuzi, kwa sababu ya eSIM. eSIM ni laini isiyo na kadi ya plastiki: taarifa za namba yako zinapakuliwa ndani ya simu. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone zilizotengenezewa Marekani hazina kabisa sehemu ya kuingiza laini. Wafanyabiashara wetu walikwepa tatizo hilo kwa kuchukua za Dubai, ambazo zilikuwa na nafasi ya laini moja ya plastiki pamoja na eSIM.

iPhone 17 imeuziba mlango huo. Nchi zinazopata eSIM peke yake zimeongezeka, na miongoni mwake ni Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar, Oman, Kuwait na Bahrain. Kwa maneno mengine, "ya Dubai" haina tena maana ya "ina sehemu ya laini". iPhone Air ndiyo kabisa, haina sehemu ya laini popote inapouzwa. Za Uingereza na Ulaya zimebaki na nafasi moja, na za China bara na Hong Kong, ukiacha hiyo Air, zimekuwa zikija na nafasi ya laini mbili za plastiki.

Je, simu ya eSIM peke yake haifai Dar? Inafaa, ila ujue unachokubali. Utahitaji kwenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, uweke alama za vidole, upewe msimbo wa kuskani, na simu iwe na intaneti ya Wi-Fi wakati wa kuweka. M-Pesa, Airtel Money au Mixx haviathiriki, maana vimefungwa kwenye namba na si kwenye plastiki. Huo uvumi kwamba ukihamia eSIM pesa zako zinapotea upuuze.

Usumbufu halisi ni mwingine. Umeme umekatika, chaji imeisha, unataka kuchomoa laini uiweke kwenye kitochi ili upokee simu ya mzigo. Huwezi. Kioo kimepasuka na hakiwaki, fundi anasema siku tatu. Laini haihami mpaka urudi duka la mtandao kuthibitishwa upya. Kwa mfanyabiashara ambaye namba yake ndiyo ofisi yake, hilo ni jambo la kupima kabla ya kutoa pesa. Na ukiambiwa kuna fundi anaweza kuchonga sehemu ya laini kwenye simu ya Marekani, jua kwamba simu ikifunguliwa hivyo gundi inayozuia maji imeshatoka, na fundi huyo akikosea njia za bodi, hakuna waranti itakayokupokea.

Kutazama ni rahisi. Zungushia macho ubavuni: kuna kishimo kidogo cha pini, au ubavu ni laini mwanzo mwisho? Kisha fungua Settings, ingia General, halafu About. Kwenye Model Number, herufi ya kwanza ikiwa M simu iliuzwa ikiwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na Apple, N ni iliyotolewa kubadilishia mteja aliyerudisha mbovu. Herufi LL kuelekea mwisho ni soko la Marekani. Shuka chini hadi Carrier Lock: inatakiwa isomeke "No SIM restrictions". Ikisomeka tofauti, simu imelokiwa kwa mtandao wa nje na laini yako inaweza isisome hata kama kila kitu kingine kinang'aa. Kwenye ukurasa huohuo simu za miaka ya karibuni huonyesha kama betri, kioo au kamera vimebadilishwa, na kama kifaa kilichowekwa ni halisi au hakitambuliki.

"Mpya ikitoka, ya zamani inafanywa nzito"

Hili lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo imeukuza uvumi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zinapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Sababu iliyotolewa ni kwamba betri kuukuu haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla, hivyo simu ilikuwa inazima ikiwa bado na asilimia 30 au 40. Kosa lilikuwa kutowaambia wateja. Mwaka 2018 bei ya kubadilisha betri nchini Marekani ilishushwa kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikaipiga kampuni hiyo faini ya euro milioni 25.

Kwa hiyo tangazo la simu mpya halifanyi yako kuwa nzito. Betri iliyochoka ndiyo huifanya nzito, na simu nyingi hufikia uchovu huo zikiwa na miaka miwili au mitatu, wakati ambao pia kuna mpya inatangazwa. Apple inahesabu kwamba betri za hadi iPhone 14 hubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Kabla ya kutamani mpya, ingia Settings, kisha Battery, utazame hali ya betri. Ikiwa chini ya 80, betri nzuri na fundi anayejua kazi vitakurudishia simu yako kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya.

Apdeti nazo zina mwisho. Toleo la iOS, programu kuu ya iPhone, lililotoka Septemba 2025 liliitwa 26, likaruka kutoka 18 (namba mpya inafuata mwaka 2026, hukukosa matoleo saba katikati), na liliziacha nje iPhone XS na XR, ambazo Dar bado zimejaa mifukoni. Waliozimiliki walishtuka kwamba WhatsApp itazima. Haizimi kwa sababu hiyo. Mei 2025 WhatsApp ilianza kuhitaji iOS 15.1 au zaidi, na XR iko juu ya hapo kwa mbali. Kwenye Android kiwango kilikuwa toleo la 5.0. Kukosa apdeti kubwa maana yake hupati mapambo mapya sasa, na huko mbele kinga za usalama zitapungua. Siyo kwamba simu imekufa.

Ahadi ya miaka ya apdeti huanza kuhesabiwa tangu simu ilipotolewa duniani, hata kama wewe umeinunua leo. Samsung iliahidi miaka saba kuanzia Galaxy S24, na Google ilifanya hivyo kuanzia Pixel 8. S24 ya Januari 2024 itakayonunuliwa Kariakoo mwaka 2027 itakuwa imebakiwa na miaka minne. Simu za bei ya chini za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Transsion, mara nyingi huwa na ahadi fupi, na hutofautiana toleo kwa toleo. Uliza kuhusu toleo lile unaloshika. Jibu linalohusu kampuni nzima halikusaidii.

Usubiri au ununue?

Kama simu yako imekufa na unaitegemea kwa kazi, nunua leo. Msimu wa matangazo hauishi: Samsung mwanzoni mwa mwaka, Google karibu na Agosti, Apple Septemba, na Tecno karibu muda wowote. Kama yako inafanya kazi na tangazo liko ndani ya wiki sita, subiri, si kwa kutegemea bei kushuka bali ili ujue kama ile unayoitaka itaondolewa sokoni au itapunguzwa. Kama unataka toleo jipya lenyewe, acha wiki chache zipite. Galaxy Note 7 ilitangazwa Agosti 2016, ikarudishwa Septemba kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto, na Oktoba ikasitishwa kabisa. Matukio ya namna hiyo ni nadra, lakini kasoro ndogondogo hujulikana mwezi wa kwanza, na wanaozigundua ni wale waliopanga foleni.

Kuwa makini na oda za awali za mitandaoni. Zinazofunguliwa na kampuni ni kwa nchi zilizotajwa, na mteja ana haki ya kughairi. Za hapa ni makubaliano kati yako na muuzaji, na akaunti yenye picha nzuri na wafuasi wengi si dhamana. Ukiamua kulipa kishika nafasi, kiwe kidogo, na pata maandishi yanayotaja toleo, GB, rangi, soko la nchi gani, ina sehemu ya laini au haina, tarehe ya mwisho ya kukabidhiwa, na nini kitatokea tarehe hiyo ikipita. Risiti ya EFD iandikwe IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe.

Siku ya kuchukua, usimalizie pesa mpaka ufanye haya hapohapo kaunta. Piga *#06#, linganisha IMEI ya kwenye kioo na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone inasomeka ni simu gani. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016 na hakuna sababu ya kuwa na moja leo. Ikiwa ni mtumba, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya mpaka ifike ukurasa wa mwanzo: ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikisema inasimamiwa na taasisi fulani, irudishe. Ikiwa ni Android ya bei ya kushangaza, uliza kama ilichukuliwa kwa mkopo wa lipa mdogo mdogo, kwa sababu mwenye deni akiacha kulipa, simu itajifunga ikiwa mkononi mwako. Weka laini yako, piga simu, washa data, jaribu kamera zote na chaji. Muuzaji mwenye mzigo safi hatakuharakisha, na anayekuharakisha ana sababu yake.